Historia ya Kuinua Titi Lililotolewa Kipandikizi

Mwanamke aliyekaa na vipandikizi vya silikoni kifuani kwa miaka kumi au ishirini, kisha kwa hiari yake, au kwa hofu, au kwa kuwa kimoja kimepasuka, akaazimia vitolewe, huwa na mashauri mawili ya kukata wala si moja. La kwanza ni la kuvitoa, na hilo aghalabu huwa amekwisha kulikata kabla ya kuufikia mlango wa tabibu. La pili ni la hicho kitakachobaki, yaani ngozi iliyotanuka, tezi iliyokonda na chuchu inayotazama chini. Na hapo ndipo atajiwapo njia nyingi za kuliinua titi, kila njia na mwanzilishi wake, mji wake na mwaka wake, mpaka asijue ashike ipi aache ipi. Njia hizo hazikuzuka pamoja. Zilikuja moja baada ya nyingine katika muda unaozidi miaka mia moja na ishirini, na karibu kila moja ilizaliwa na hasara ya iliyoitangulia. Kwa hiyo atakaye kujua kwa nini tabibu huyu humchorea mgonjwa wake duara, yule humchorea mstari, na wa tatu humchorea nanga, hana budi arudi nyuma kidogo.

Mnamo 1840 Astley Cooper, mpasuaji wa London, alichapisha kitabu juu ya umbile la titi, na humo akazionyesha nyuzi nyembamba zitokazo tezini zikaishikilia ngozi, ambazo mpaka leo huitwa kwa jina lake. Nyuzi hizo zikilegea kwa uzazi, kwa kunenepa na kukonda, au kwa umri tu, titi hushuka, wala hapana zoezi la mwili wala mafuta ya kupaka yawezayo kuzikaza tena, ijapokuwa wauzaji wa mafuta hayo hawajapata kuadimika. Likabaki shauri la kisu. Alfred Pousson wa Bordeaux, Ufaransa, ni miongoni mwa watajwao mwanzo kabisa: mwaka 1897 alikata kipande cha ngozi na shahamu chenye umbo la hilali katika sehemu ya juu ya titi, kisha akalivuta titi na kulishona kwenye utando wa msuli wa kifua. Mwaka uliofuata Mfaransa mwenziwe, Verchère, alifanya mfano wa hayo kwa upande wa kwapa. Njia hizi zilikuwa sahali na salama kwa sababu hazikuigusa chuchu. Na kwa sababu hiyo hiyo hazikufaa kitu kwa titi lililoshuka sana, maana titi la namna hiyo haliwezi kupandishwa na chuchu ikaachwa pale pale ilipo.

Kuihamisha chuchu ndiko kulikowatia wapasuaji majaribuni. Max Thorek wa Chicago, mwaka 1922, alichagua njia ya mkato: aliikata chuchu pamoja na duara lake, akaiweka kando, akalipunguza titi, kisha akaipandikiza mahali papya kama ngozi yoyote ipandikizwavyo. Aghalabu ilishika na kuishi, lakini iliishi bila hisia, na maziwa hayakupata tena njia ya kutokea. Wengine, hasa katika nchi za Kijerumani, walitaka chuchu ihame ikiwa bado imeshikana na nyama yake. Hermann Biesenberger wa Vienna alitoa mwaka 1928 njia iliyopendwa kwa miaka mingi kuliko ilivyostahili: aliibandua ngozi kutoka juu ya tezi karibu yote, akaikata tezi upande wa nje, akaizungusha iliyobaki mpaka ikapata umbo la kupendeza, kisha akaivika ngozi yake tena. Umbo lilikuwa zuri mezani. Walakini siku chache baadaye ngozi ya wagonjwa wengine ilianza kuwa nyeusi, na chuchu za wengine zikafa, kwa kuwa ngozi na tezi vilikuwa vimetenganishwa na kila kimoja kikapoteza damu iliyokuwa ikipitia kwa mwenziwe.

Katika mji huo huo wa Vienna, Schwarzmann alionyesha mwaka 1930 kwamba duara la chuchu hupata sehemu kubwa ya damu yake kutoka katika mishipa midogo mno ilalayo chini tu ya ngozi, na kwamba mpasuaji akiondoa ngozi ya juu kabisa tu kando ya duara hilo, akauacha utando wa ndani, chuchu itahama na uhai wake. Jacques Maliniac, aliyefanya kazi New York, alifuata mishipa yenyewe katika maiti kuona inakotoka. Kwa maarifa ya hao na ya waliowafuata ikajulikana kwamba titi hunyweshwa kutoka pande tatu: kuna mishipa itokayo ndani ya kifua kando ya mfupa wa kidari na kupenya baina ya mbavu, kuna ijayo kwa ubavuni kutoka chini ya kwapa, na kuna ipandayo kutoka nyuma, ikipita katika msuli wa kifua na baina ya mbavu mpaka kwenye mgongo wa tezi. Tangu hapo njia ya kuinua titi ilipimwa kwa kikonyo chake, nacho ni kile kipande cha nyama kinachoachwa kikiwa kimeshikana na chuchu ili kiipelekee damu safarini. Kovu mgonjwa huliona kila siku katika kioo, na kwa hiyo hulidhania kuwa ndilo jambo kubwa. Lakini uhai wa chuchu umo katika kikonyo, nacho hakuna akionaye mshono ukiisha kufungwa.

Kuhusu kovu na umbo, miaka ya 1950 ilileta vipimo. Jack Penn wa Johannesburg alieleza mwaka 1955 kuwa amewapima wanawake 150 na kuwateua 20 ambao kwake yeye umbo lao lilikuwa kamili. Na kwao umbali kutoka shimo la shingo mpaka chuchu ulikaribia sentimita 21. Hesabu hiyo imesafiri ulimwengu mzima, na matabibu wengi waitumiao hawakumbuki kwamba msingi wake ni wanawake ishirini na jicho la mwanamume mmoja. Mwaka uliofuata Robert Wise wa Houston, katika jimbo la Texas, Marekani, alikwenda kutafuta maarifa ambako mpasuaji wa kabla yake hakufikiri kwenda, yaani kwa mafundi wa sidiria. Aliona kwamba fundi hukata kitambaa bapa kwa kigezo, na kitambaa hicho kikikunjwa na kushonwa huwa bakuli. Akavichunguza vigezo hivyo, akatengeneza cha kwake chenye umbo la tundu la ufunguo, akawa hukilaza juu ya ngozi na kuchora. Ikishonwa ngozi iliyokatwa hivyo, huacha kovu la kuzunguka duara la chuchu, la kushuka wima, na la kulala katika mkunjo wa chini. Ndiyo nanga ile niliyoitaja, na mpaka leo ni nembo ya kazi hii katika hospitali nyingi. Baada ya hapo kigezo kilibaki kile kile, wakabishana juu ya kikonyo tu: Strömbeck wa Stockholm mwaka 1960 alikilaza, McKissock wa California mwaka 1972 akakisimamisha, na katikati ya miaka ya 1970 wengi wakashika kikonyo cha chini, kinachotegemea damu ipandayo kutoka mkunjoni na kutoka nyuma ya tezi.

Sambamba na historia hiyo ya kuinua kulikuwa na historia nyingine, ya kujaza. Vincenz Czerny wa Heidelberg, Ujerumani, aliandika mwaka 1895 habari za msanii wa jukwaani ambaye alimtoa uvimbe titini, kisha akalijaza pengo kwa uvimbe wa shahamu aliokuwa nao mwanamke huyo huyo mwilini mwake. Huo ulikuwa mwanzo mzuri ambao haukufuatwa. Haukupita muda Robert Gersuny wa Vienna alianza kudunga mafuta mazito ya petroliamu, yaitwayo parafini, nayo yakaingia katika matiti ya wanawake wengi kabla haijadhihirika kuwa hutambaa, hugeuka mabonge, na kufanya vidonda visivyopona. Baada ya Vita Kuu ya Pili silikoni ya majimaji ilidungwa kwa namna hiyo hiyo Japani, kisha Marekani, na ikaacha msiba wa namna hiyo hiyo.

Ndipo tunaporudi Houston. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati chupa za vioo za kutilia damu zilipokuwa zikiacha nafasi kwa mifuko ya plastiki, daktari kijana Frank Gerow aliufinya mfuko mmoja uliojaa damu, akahisi mkononi kuwa unafanana na titi. Yeye na mkubwa wake, Thomas Cronin, wakishirikiana na kampuni ya Dow Corning, walifanyiza kifuko cha mpira wa silikoni kilichojazwa jeli ya silikoni, chenye vipande vya kitambaa mgongoni ili mwili uvishike kisisogee. Wa kwanza kutiwa hakuwa binadamu bali mbwa jike aliyeitwa Esmeralda, na aliyepewa kazi ya kumtunza alikuwa Thomas Biggs, daktari aliyekuwa bado mwanafunzi wa upasuaji. Baada ya muda mfupi mbwa alianza kuitafuna mishono yake, ikabidi kifuko kitolewe. Na mimi huona ni jambo la kukumbukwa kwamba kipandikizi cha kwanza cha aina hii kilikuwa pia cha kwanza kuondolewa. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1962, katika hospitali ya Jefferson Davis, kikatiwa kwa mama mmoja wa watoto sita aliyekuwa amekuja hospitali kutaka afutwe chale za kuchorwa kifuani. Alipoelezwa juu ya vifuko hivyo alijibu kuwa afadhali masikio yake yaliyochomoza yarudishwe nyuma. Wakapatana, akafanyiwa yote mawili. Biggs alikuwapo chumbani akisaidia. Tutakutana naye tena.

Kilichoanza kama jaribio kikawa biashara, na baada ya muda kikawa jambo la kawaida. Lakini mwili haukubali kitu kigeni bila ya kukijengea uzio. Kila kipandikizi huzungukwa na gamba la kovu, ambalo kwa wengine hubaki laini kama karatasi na kwa wengine hukaza, hunenepa, na kulifinya titi mpaka likawa gumu na la kuuma. James Baker aliviweka vyeo vinne vya ugumu huo, navyo hutumika hata leo. Ghairi ya gamba, kuna kazi ya pole pole ya uzito na mgandamizo. Kipandikizi cha mililita 300 kina uzito wa karibu gramu 300, usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka. Kwa mbele hutanua ngozi na kuikondesha tezi na shahamu, na kwa nyuma huweza hata kuacha bonde katika mbavu. Kikiondolewa, kinaondoka kile kilichokuwa kikiijaza ngozi, na tezi inayobaki ni nyembamba kuliko ilivyokuwa kabla ya kutiwa. Mwanamke aliyedhani atarudi alivyokuwa, atakuta amerudi pengine.

Wakati hayo yakiendelea, elimu ya kuinua nayo ilikuwa ikipata lugha yake. Paule Regnault, mpasuaji wa Montréal nchini Kanada, alitoa mwaka 1976 ngazi za kushuka kwa titi ambazo kila tabibu wa fani hii huzijua kwa moyo. Mizani yake ni mkunjo wa chini ya titi: chuchu ikiwa usawa wa mkunjo, au imeshuka isizidi sentimita moja, ni ngazi ya kwanza, ikishuka kati ya moja na tatu, ya pili, ikizidi tatu na kuwa ndiyo sehemu ya chini kabisa, ya tatu. Akaongeza hali ya nne aliyoiita ya uongo, pale chuchu inapokuwa juu ya mkunjo lakini nyama yote imelala chini yake. Kisha wakaja waliotaka kulipunguza kovu. Claude Lassus wa Nice tangu 1970, na Madeleine Lejour wa Brussels miaka ya 1990, waliiondoa ile sehemu ya nanga ilalayo mkunjoni, wakabakisha duara na mstari wa wima, na umbo wakalijenga kwa kuishona tezi yenyewe badala ya kuitegemea ngozi. Elizabeth Hall-Findlay wa Banff, Kanada, mwaka 1999 aliirahisisha kazi hiyo kwa kikonyo kinachotoka upande wa ndani, karibu na kidari. Louis Benelli wa Paris, mwaka 1990, alikwenda mbali zaidi: kovu la duara peke yake, likazungushiwa uzi usioyeyuka unaokazwa kama mdomo wa mfuko wa fedha.

Habari za mahakama na serikali nitazipita upesi, kwa kuwa zimesimuliwa mara nyingi. Januari 1992 mamlaka ya dawa ya Marekani, chini ya David Kessler, ilisimamisha matumizi ya vipandikizi vya jeli; mwaka 1995 Dow Corning ikaomba ulinzi wa sheria ya kufilisika kwa wingi wa mashitaka; mwaka 1999 jopo la wataalamu wa Marekani likasema halikuona ithibati kwamba silikoni huleta maradhi ya mwili mzima, ila madhara ya mahali penyewe, yaani kukaza na kupasuka, ni mengi na ya hakika; na Novemba 2006 vikaruhusiwa tena. Mwaka 2010 ikafichuka kwamba kampuni ya Kifaransa ya Poly Implant Prothèse ilijaza vifuko vyake silikoni isiyokusudiwa kutiwa mwilini mwa mtu, na mwishoni mwa 2011 serikali ya Ufaransa ikawashauri wanawake wapatao 30,000 waende wakatolewe. Julai 2019 vipandikizi vya Allergan vyenye uso wa kukwaruza vikarudishwa kutoka masoko ya dunia kwa sababu ya saratani adimu ya chembe za limfu itokeayo katika gamba. Mwaka 2021 mamlaka ile ile ya Marekani ikaamuru vifuko vyote viandikwe onyo kali, na kwamba mgonjwa aelezwe mapema kuwa si vitu vya kudumu maisha. Kila tukio lilileta wimbi la wanawake waliotaka kutolewa, na kila wimbi liliwakuta wapasuaji waliofunzwa zaidi kutia kuliko kutoa.

Hapo ndipo ilipobainika kwamba titi lililotolewa kipandikizi si sawa na titi lililoshuka kwa uzazi, hata yakifanana kwa macho. Mwaka 1998 Rod Rohrich na wenzake wa Texas waliandika makala ambayo ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kulishughulikia jambo hili peke yake, wakitaka tabibu apime kabla ya kuchagua: ngozi ina nguvu gani, chuchu imeshuka kiasi gani, nyama iliyobaki ina unene gani. Katika miaka hiyo hiyo Elisabeth Würinger wa Vienna alieleza ukuta mwembamba ulalao ndani ya titi, kuanzia mbavuni mpaka kwenye chuchu, ambao ndani yake hupita mishipa ya damu na ya hisia kutoka nyuma. Ukiichukua elimu hiyo ukaiweka kando ya kipandikizi, utaona hatari ilipo. Kifuko kilichotiwa baina ya tezi na msuli kimepasua njia yake katika mahali pale pale pa mishipa hiyo, na yamkini kilikwisha kuikata miaka ishirini iliyopita bila ya mtu kujua, kwa kuwa pande mbili nyingine zilitosha kuilisha chuchu. Ikiwa kilipitishwa kwa mkato wa mkunjoni, basi na mishipa ya chini nayo imekatwa. Tabibu akija leo na kikonyo cha chini alichokizoea, akazikata pande za juu na za ubavuni kwa kutegemea damu itakayopanda kutoka nyuma na chini, huenda akaiacha chuchu haina hata mnyweshaji mmoja. Ndiyo maana katika kazi hii wengi hupendelea kikonyo cha juu, au cha juu na ndani, kinachopata damu yake kando ya kidari ambako kifuko hakikugusa sana. Na ndiyo maana swali la kwanza la tabibu mwenye hadhari si mgonjwa anataka umbo gani, bali vifuko vilipitishwa wapi, vimelala juu ya msuli au chini yake, na je, aliwahi kuinuliwa kabla, kwa kikonyo gani. Mwenye karatasi za upasuaji wake wa kwanza ana mali. Asiyekuwa nazo, tabibu wake hana budi kudhani yaliyo mabaya na kukata kidogo.

Gamba nalo limo katika hesabu hiyo. Siku hizi wagonjwa wengi huja wakidai litolewe lote pamoja na kifuko ndani yake, bila kupasuliwa, kama fungu moja. Penye saratani ile hilo ni wajibu. Pasipo saratani ni shauri la kupima, maana gamba la nyuma huweza kuwa limegandamana na mbavu, na kulibandua kwa nguvu ni kuhatarisha utando wa pafu. Na gamba la mbele limeshikana na mgongo wa tezi iliyokwisha kukonda, hata kila kinachobanduliwa hapo huondoka na sehemu ya damu. Mwanamke anaweza kutaka gamba lote litoke, na anaweza kutaka ainuliwe sana. Kuyataka yote mawili kwa siku moja, naye ana nyama nyembamba na huvuta sigara, ni kumtwisha tabibu mzigo ambao mwenye busara ataukataa. Tumbako huikaza mishipa midogo, na mpasuaji mwangalifu humtaka mgonjwa aiache wiki nne au zaidi kabla ya kisu na aendelee kuiacha baadaye.

Baada ya damu ndipo huja ngozi na kovu, na hapa zile njia za zamani hupata kila moja mahali pake. Mwenye umri mdogo, vifuko vidogo, ngozi inayorudi ikivutwa, na chuchu iliyo juu ya mkunjo, huenda asihitaji kuinuliwa kabisa. Mwenye kushuka kidogo anaweza kutoshwa na duara la Benelli, ila lina kasoro mbili ambazo baada ya kutolewa kipandikizi huzidi kuonekana: hulifanya titi bapa mbele, ilhali limekwisha kupoteza ujazo wake, na kovu lake hutanuka likivutwa na ngozi nyingi. Njia ya wima hufaa wengi wa katikati, kwa kuwa hukusanya nyama ya kando na kuileta pamoja, ikalipa titi kimo badala ya upana. Nanga ya Wise hubaki kwa wale ambao ngozi imezidi pande zote, kwa urefu na kwa upana, na kwao hao kulikwepa kovu la mkunjoni ni kujidanganya, maana ngozi isiyokatwa itajikunja papo hapo na kutaka kukatwa baadaye.

Michoro hii huchorwa mgonjwa akiwa amesimama na yuko macho, kwa sababu titi la aliyelala hukimbilia kwapani. Walakini anayechorwa akiwa bado na vifuko vyake anachorwa titi ambalo baada ya saa moja halitakuwapo. Kwa hiyo mpasuaji mzoefu huchora mistari michache tu ya kumwongoza, hasa ile ya katikati na ya mkunjo, na mahali pa chuchu huweka chini kidogo kuliko macho yanavyomshawishi, kwani chuchu iliyo chini huweza kupandishwa siku nyingine lakini iliyopandishwa mno ni taabu kuishusha. Vifuko vikiisha kutoka, huikunja ngozi iliyozidi na kuipiga bandi kwa pini za chuma, kama fundi anayejaribu gauni kabla ya kulishona. Kisha humwomba mtu wa dawa ya usingizi ainue kitanda mpaka mgonjwa akae kitako hali amelala, naye hurudi nyuma hatua kadhaa akatazama. Pini hutolewa zikarudishwa, upande huu ukalinganishwa na ule, na mpaka hapo bado hakijakatwa kipande cha ngozi. Kisu hufuata pini.

Ujazo uliopotea ndio uliobaki kuwa tatizo, na Biggs, yule aliyemtunza mbwa na kusaidia katika upasuaji wa 1962, ana sehemu katika jawabu lake. Mwaka 2002 yeye na Ruth Graf wa Curitiba, Brazili, walitangaza njia ambayo nyama ya chini ya titi, badala ya kutupwa, hubakizwa ikishikana na ukuta wa kifua, ikapitishwa chini ya mshipi mwembamba wa msuli wa kifua, na kuwekwa juu ili ilijaze titi kwa kitu chake mwenyewe. Mbrazili mwingine, Liacyr Ribeiro, alikuwa amekwisha kuitumia nyama ya chini kwa namna yake tangu miaka ya 1970. Ni njia za werevu, lakini zahitaji nyama iwepo, na iwe na damu kutoka nyuma, nayo ndiyo hiyo hiyo iliyotiliwa shaka. Kwa mwenye kifuko kilichokaa juu ya msuli hazifai ila kwa uangalifu mkubwa, na kwa mwenye kifuko kilichokaa chini ya msuli ni afadhali. Kwa asiyekuwa na nyama limerudi wazo la Czerny: shahamu hufyonzwa tumboni au mapajani, ikasafishwa, ikadungwa kidogo kidogo titini. Mwaka 1987 chama cha wapasuaji wa Marekani kilikuwa kimelilaani jambo hilo, kwa kuhofia kwamba mabonge ya shahamu iliyokufa yangechanganyikiwa na saratani katika picha. Mwaka 2007 Sydney Coleman wa New York na mwenziwe Saboeiro walileta matokeo yao, na miaka miwili baadaye marufuku ikalegezwa. Sehemu ya shahamu hiyo hunyonywa na mwili isibaki, kwa hiyo anayeahidiwa kurudishiwa ukubwa wa vifuko vyake kwa sindano moja, anaahidiwa kisichokuwapo.

Limebaki shauri la wakati, ambalo kwangu ni kubwa kuliko la duara na nanga. Kutoa na kuinua kwa siku moja kuna usingizi mmoja, gharama moja na jeraha moja la kuuguza, na kwa mwenye nyama ya kutosha na damu ya kutegemewa hapana ubaya. Lakini mwenye nyama nyembamba, mwenye gamba gumu linalotaka kubanduliwa lote, aliyeinuliwa zamani kwa njia isiyojulikana, au mwenye chuchu inayotakiwa kusafiri mbali, hushauriwa atolewe kwanza, kisha angoje miezi mitatu mpaka sita. Katika muda huo ngozi hunywea, tezi iliyokuwa imebanwa hutulia, na mishipa midogo hupata wasaa wa kujifungulia njia mpya. Na tabibu anapomtazama tena, hulipima titi lililopo badala ya lile alilolikisia. Miezi hiyo si miepesi kwa mwenye kuipitia, na haifai kumficha hilo. Wapo wanaoirudia meza ya upasuaji na kufanyiwa njia ya wima pale walipokuwa wameandikiwa nanga, na wapo ambao, baada ya kuona ngozi yao ilivyorudi, hulighairi shauri lote la kuinuliwa wakabaki kama walivyo.